Meza ya Mahaba Bila Kuvunja Kibubu: Kausha Maua Yako Mwenyewe

Wasee, kila mtu anajua vile hukuwa ikikaribia Februari 14. Waridi lenye ungenunua Januari bila stress linapanda bei ghafla, na bado ni hapa Kenya, kwenye mashamba ya Naivasha hupakia maua kwa ndege yakipelekwa Uholanzi.

Dawa ni moja: kausha mapema. Ua kavu halijui tarehe. Unalinunua au unalichuma wakati bei iko chini, linakungoja kejani.

Utapata wapi maua?

Anza na bougainvillea, ile ya fensi za mtaa. Zile rangi zake kusema kweli si petali, ni majani membamba kama karatasi, ndio maana hukauka bila noma. Ongea na keateka kwanza, usiende kukata ua za wenyewe usiku. Na chunga miiba.

Waridi pia hukauka poa, lakini jua hii: nyekundu hugeuka maruni, karibu nyeusi. Kama hutaki meza ikae matanga, chukua pinki.

Ukiwa na balkoni yenye jua, panda marigold kwa jerikeni iliyokatwa. Toboa mashimo chini, weka mchanga na mbolea. Ukipanda mbegu leo, hesabu kama miezi 2 ndio uone maua. Rosemary ni rahisi zaidi, na itafanya meza inukie.

Kukausha

1. Kata asubuhi umande ukishaisha, ua likiwa limefunguka nusu. Litaendelea kufunguka likikauka.

2. Toa majani ya chini, funga shina 5 au 6 pamoja. Fungu kubwa huoza katikati.

3. Ning'iniza kichwa kikiangalia chini ndio shina likauke likiwa limenyooka. Weka mahali pakavu, penye giza na hewa. Jua hula rangi. Kwa bedsitter, tumia kabati na uache mlango wazi kidogo. Usining'inize karibu na bafu ama juu ya jiko, mvuke utaleta ukungu.

4. Ngoja wiki 2 hadi 3. Shina likivunjika "ka!" kama kijiti, limeiva. Likipinda, rudisha.

Kwa hivyo kama unalenga Valentine, fungu la mwisho liwe limening'inizwa kufikia Januari 24.

Mko Mombasa? Hewa ya pwani ina unyevu, maua ya kuning'inizwa yanaweza kushika ukungu. Fanya hivi: weka maua mepesi kati ya karatasi, ndani ya kitabu kizito, uongeze mzigo juu. Badilisha karatasi ikilowa.

Kupanga meza

Chukua chupa ya soda ya glasi ama mtungi wa jemu. Usiweke maji, weka mchele mkavu au mchanga ndio shina zisimame. Urefu wa maua usipite kidevu mkiwa mmekaa. Hujaalika mtu aongee na kichaka.

Ile bougainvillea imwage kidogo katikati ya meza, na shina moja la rosemary juu ya kila kitambaa cha mkono. Hapo hata kama msosi ni chapo na ndengu, meza imesimama.

Hapa usicheze

Ua kavu na mshumaa ni kama karatasi na kiberiti. Weka mshumaa ndani ya glasi ndefu, mbali na maua angalau sentimita 30, na usiuache ukiwaka mkienda kuangalia muvi. Keja za mtaa zimeshikana, moto wako ni moto wa ploti nzima.

Pili, usipeleke oleanda mezani. Iko kwa fensi nyingi, inakaa fiti, lakini ni sumu kutoka jani hadi ua. Kama hujui mmea, uache hapo ulipo.

Tatu, uliza mgeni wako kama maua humpigisha chafya. Dinner ya mafua haina romance.

Maua yakibaki, yafunike kwa boksi mbali na jua. Yatatumika tena siku ya bathdei, na hiyo doo ya waridi ikuwe ya nyama.