Video Imetazamwa Sana, Lakini Msanii Amelipwa?

Ijumaa moja wachache wetu tulitoka kazini moja kwa moja hadi mkahawa mdogo hapa Nairobi kumsikiliza mpiga gitaa wa blues. Hakukuwa na jukwaa kubwa wala taa za rangi. Kulikuwa na kiti cha mbao, maikrofoni moja, na jamaa mwenye gitaa na shingo ya chupa kidoleni. Wengi wetu tulikuwa tumemwona kwenye simu tu, zile klipu za nusu dakika.

Laivu ni kitu kingine kabisa. Wimbo ambao mtandaoni unaisha kabla hujamaliza chai, pale ulienda karibu dakika kumi. Blues imejengwa hivyo: mwimbaji anaimba mstari, anaurudia, kisha analeta mstari wa tatu wa kujibu. Katikati gitaa nalo linajibu sauti yake. Sasa ongeza watu ndani ya chumba. Mmoja anapaza sauti, mpiga gitaa anacheka, anarudi nyuma na kuupiga ule mstari kwa namna tofauti. Hakuna klipu inayoweza kubeba hayo yote.

Wakati wa mapumziko alituambia kwamba klipu moja ndiyo iliyoleta nusu ya watu waliokuwa mle ndani. Lakini klipu yenyewe haikuwa imemletea hata nauli. Kilichomlipa ni kiingilio cha mlangoni na kadi ndogo zilizowekwa mezani, zenye jina lake na nambari ya till. Tukaangalia huku na huku. Simu zilizoinuliwa kurekodi zilikuwa karibu kila meza. Waliogusa ile kadi walikuwa wachache.

Wiki hii tunazungumzia pengo hilo, kati ya kujulikana na kulipwa. Lilikuwepo kabla ya intaneti, na simu yako inaweza kusaidia kuliziba.

Alipendwa miaka 35 bila kupatikana

Mississippi John Hurt alikuwa mkulima na mpiga gitaa wa kijiji cha Avalon, jimbo la Mississippi, Marekani. Mwaka 1928 alirekodi nyimbo kwa kampuni ya OKeh, kwanza Memphis kisha New York. Santuri hazikuuza sana, uchumi ukaanguka mwaka uliofuata, naye akarudi shambani. Jioni aliendelea kupigia majirani zake gitaa.

Huku nyuma santuri zilibaki mikononi mwa watu. Mwaka 1952 nyimbo zake mbili zikaingizwa kwenye mkusanyiko maarufu wa muziki wa kiasili uliotayarishwa na Harry Smith. Vijana wa mijini wakaanza kujifunza mtindo wake wa kudonoa nyuzi. Kwa lugha ya leo tungesema alikuwa na wafuasi. Tatizo ni kwamba hakuna aliyejua aliko, na yeye mwenyewe hakujua kwamba anatafutwa.

Aliyempata ni shabiki kijana, Tom Hoskins, mwaka 1963. Alichotumia ni wimbo wa Hurt mwenyewe, "Avalon Blues", ambao unataja kwao. Kijiji hicho hakikuonekana kwenye ramani za kawaida, ikabidi kutafuta kwenye atlasi ya zamani. Hoskins alipofika, mzee alikuwa hai, mwenye umri wa miaka 70 hivi. Mwaka huohuo alipanda jukwaani kwenye tamasha la Newport mbele ya maelfu ya watu. Akapiga shoo, akarekodi tena, akalipwa. Alifariki Novemba 1966.

Hesabu hiyo inauma. Alisubiri miaka 35, akafaidi mitatu. Kipaji alikuwa nacho na mashabiki walikuwepo. Kilichokosekana ni njia ya kumfikia, na ile iliyopatikana ni jina la kijiji alilolitia ndani ya wimbo. Bila wimbo huo huenda angekufa mkulima asiyejulikana.

Kijana wa Clarksdale

Sasa twende kwa mtu wa kizazi chetu. Christone "Kingfish" Ingram alizaliwa mwaka 1999 mjini Clarksdale, jimbo hilohilo la Mississippi. Alijifunza muziki kwenye madarasa ya jumba la makumbusho la Delta Blues Museum, mjini kwao. Akiwa bado mtoto alikuwa akipiga kwenye vilabu vya mtaani, na mwaka 2014 alikuwa kwenye bendi ya wanafunzi wa jumba hilo iliyoenda kupiga Ikulu ya Marekani.

Watu waliokuwa kwenye shoo zake wakarekodi na kutupia mtandaoni. Ukiona mtoto wa umri ule akipinda nyuzi kama mzee wa miaka 60, unamtumia rafiki, naye anamtumia mwingine. Video zikasambaa nje ya Mississippi, nje ya Marekani, mpaka kwa wanamuziki wakubwa.

Lakini angalia kilichofuata. Mwaka 2019, akiwa na miaka 20, alitoa albamu yake ya kwanza, "Kingfish", kupitia Alligator Records ya Chicago. Mwaka 2021 akatoa "662". Hiyo 662 ni nambari ya eneo ya simu za kaskazini mwa Mississippi, kama vile sisi tunavyojua 020 ni Nairobi. Albamu hiyo ilishinda Grammy mwaka 2022. Mwaka 2023 akatoa "Live in London", yaani ile shoo ya laivu yenyewe ikawa bidhaa ya kuuzwa.

Kwa hiyo video zilifungua mlango, na nyuma ya mlango kulikuwa na vitu vya kununua: albamu, tiketi, rekodi ya shoo. Msanii akijulikana na hana cha kuuza wala mahali pa kupokea pesa, umaarufu unapita kama matatu iliyojaa.

Pesa za mtandaoni huhesabiwa vipi?

Wengi tunadhani kwamba kila tunapobonyeza wimbo, msanii anaingiziwa kitu hapo hapo. Sivyo.

Spotify, iliyofika Kenya Februari 2021, haina bei moja kwa kila wimbo unaosikilizwa. Pesa zinakusanywa pamoja kisha zinagawanywa kulingana na nani amesikilizwa kiasi gani. Zinapitia kwa mwenye haki za wimbo au msambazaji, ndipo zimfikie msanii. Tangu 2024, wimbo ambao haujasikilizwa angalau mara 1,000 ndani ya miezi 12 iliyopita hauingii kabisa kwenye mgao.

YouTube nayo ina masharti. Ili kupata mgao wa matangazo, msanii anahitaji watu 1,000 waliojiunga na chaneli yake, pamoja na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Njia nyingine ni video fupi kutazamwa mara milioni 10 ndani ya siku 90. Tupige hesabu kidogo: kwa wimbo wa dakika nne, saa 4,000 ni sawa na kutazamwa mwanzo hadi mwisho mara 60,000. Na zile video fupi unazozipitisha kwa kidole hazihesabiwi kwenye hizo saa 4,000.

Kuna majukwaa yanayouza moja kwa moja. Bandcamp, kwa mfano, hukata asilimia 15 kwenye mauzo ya muziki wa kidijitali, sehemu kubwa ya pesa iliyobaki inamwendea msanii.

Sasa linganisha na chumba kidogo. Watu 40 wakitoa shilingi 50 kila mmoja, hizo ni shilingi 2,000, na zimeingia usiku huohuo. Haziwezi kumtajirisha mtu, lakini zinalipa nauli, nyuzi mpya na chakula cha jioni.

Kutunza si jambo geni kwetu

Kuna wanaoona aibu kumpa msanii pesa, kana kwamba ni kumdharau. Kwa watu wa pwani hilo halina mjadala. Kwenye taarab mwimbaji akikugusa moyo unainuka, unatembea kwa madaha hadi mbele, unamtunza hadharani. Wengine husema kumtuza. Noti ile ni shukrani, na mara nyingine ni ujumbe kwa mtu fulani aliyekaa pale ukumbini! Vilabu vya blues vya Mississippi navyo vina ndoo au chupa ya bakshishi karibu na jukwaa.

Kilichobadilika ni kwamba watu hawatembei tena na noti. Wakati wa korona mwaka 2020, kumbi zilipofungwa, wasanii na madijei wetu walipiga kutoka sebuleni na kuweka nambari za malipo kwenye skrini. Nambari ya till ndiyo ndoo ya siku hizi. Shida ni kwamba ndoo ya mbele ya jukwaa unaiona kwa macho, lakini nambari ya mtandaoni inaweza kuwa ya mtu yeyote.

Kabla hujatuma, hakikisha

- Soma jina kabla ya kuweka PIN. Jina linalotokea kwenye skrini ndilo la atakayepokea. Likiwa tofauti na la msanii, usikisie. Huenda ni jina la bendi au la biashara yake iliyosajiliwa, kwa hivyo muulize mwenyewe au wahudumu wa ukumbi.
- Usichukue nambari kwenye maoni. Matapeli hupenda kubandika nambari zao chini ya video inayopendwa. Tumia ile iliyo kwenye ukurasa rasmi wa msanii au iliyo mbele yako ukumbini.
- Angalia kibandiko cha QR. Kinaweza kubandikwa kingine juu yake. Jina linalotokea ndilo litakalokuambia ukweli.
- Jihadhari na kurasa bandia. Ukurasa mpya wenye picha za msanii unakuandikia kwamba amekwama hospitalini, au kwamba umeshinda tiketi na unahitaji kutuma "ada kidogo". Usitume. Msanii wa kweli hahitaji PIN yako wala nambari ya uthibitisho iliyoingia kwenye simu yako.
- Nunua tiketi kwa kiungo kilichotangazwa na msanii au ukumbi. Picha ya tiketi uliyotumiwa na mtu usiyemjua inaweza kuwa imeuzwa kwa watu kumi. Na wewe ukinunua yako, usiitupie mtandaoni ikiwa msimbo wake unaonekana.
- Ukikosea nambari, piga ripoti mara moja kwa huduma kwa wateja. Kila dakika inampa aliyepokea nafasi ya kuzitoa.

Na kama wewe ndiye msanii

Tunajua baadhi yenu mnaosoma hapa ni wasanii, madijei, waimbaji wa kwaya na wapiga gitaa wa harusi. Haya ni yenu.

Kwanza, tumia till badala ya laini yako ya kibinafsi. Ukiweka nambari yako mtandaoni, itapigwa usiku na mchana, na matapeli pia wataitumia. Tena pesa za shoo zitachanganyika na za karo na za mama mboga, na mwisho wa mwezi hutajua muziki umekuletea nini.

Pili, sajili jina ambalo shabiki atalitambua. Mtu akiona jina geni anaogopa, na ana haki ya kuogopa. Kama haiwezekani, andika wazi kwenye kadi yako jina litakalotokea.

Tatu, weka njia ya malipo pale ambapo hisia iko juu. Iwe kwenye maelezo ya video, kwenye sekunde za mwisho za klipu, na mezani siku ya shoo. Itaje kwa mdomo kabla ya wimbo wa mwisho, kwa sababu baada ya hapo watu wanatafuta gari la kurudi nyumbani. Jilipe shilingi 10 kwanza kuhakikisha inafanya kazi.

Nne, kubalianeni mgao kabla ya kupanda jukwaani. Bendi nyingi huvunjika kwa sababu ya pesa, si kwa sababu ya muziki. Taarifa ya malipo inaonyesha kila kilichoingia na saa kilipoingia, basi ikaguliwe na wote, na kila mtu atumiwe chake usiku huohuo.

Tano, hifadhi taarifa zako za kila mwezi. Zitakusaidia siku ya kuomba mkopo wa vifaa, siku ya kujaza ritani za KRA, na hata siku ya kumshawishi mwenye ukumbi kwamba ukipiga, watu wanakuja na wanalipa. Na PIN ni yako peke yako, hata meneja hahusiki.

Kwa shabiki tunaomba kitu kimoja. Wikendi hii ukimrekodi msanii na kumtupia mtandaoni, mtaje kwa jina, sema anapiga wapi, kisha mtunze kabla ya kuondoka. Shilingi 50 yako itafika kabla hajamaliza kukunja nyaya zake.