Moshi wa Gerezani na Moyo wa Atakayerudi Nyumbani

Hakimu anapompeleka mtu kifungoni humnyima uhuru kwa muda maalumu. Hamhukumu kuugua moyo. Hata hivyo, kwa miaka mingi hukumu hizo mbili zilikwenda pamoja katika magereza mengi ya dunia. Sigara ilikuwa kiburudisho cha mfungwa na hata fedha yake: kwa sigara alinunua sabuni, na kwa sigara alilipa deni. Asiyevuta naye alifungiwa chumba kimoja na mvutaji, akauvuta moshi asioutaka.

Shauri la namna hiyo lilifika Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1993. Mfungwa mmoja wa jimbo la Nevada alilalamika kuwa mwenzake wa chumbani huvuta pakiti 5 kwa siku. Mahakama iliamua kuwa mfungwa aweza kudai haki yake hata kabla hajaugua, iwapo wakuu wa gereza wanaupuuza moshi unaohatarisha afya yake ya baadaye. Sisi tuliosomeshwa kuwa madhara huondoshwa, hatuoni ugeni katika hukumu hiyo.

Nikotini huuendesha moyo mbio na kupandisha shinikizo la damu. Hewa yenye sumu iliyomo katika moshi huchukua nafasi ya oksijeni ndani ya damu. Kuta za mishipa hujeruhiwa, na damu huganda kwa wepesi. Hata asiyeshika sigara hasalimiki: kuishi na moshi wa wengine humzidishia hatari ya maradhi ya moyo kwa takriban asilimia 25 hadi 30.

Je, kupiga marufuku kunasaidia? Mwaka 2001 majimbo 25 ya Marekani yalikuwa na marufuku ya namna fulani katika magereza yao. Ilipofika 2011 yalikuwa 48. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 uliangalia vifo vya wafungwa vitokanavyo na maradhi ya uvutaji, yakiwemo ya moyo na kiharusi. Katika miaka isiyo na marufuku vilikuwa 128.9 kwa kila wafungwa 100,000. Katika miaka yenye marufuku vilikuwa 110.4. Watafiti walipozingatia mambo mengine, upungufu ulibaki asilimia 9. Hatusemi kuwa marufuku pekee ndiyo iliyookoa kila roho, lakini dalili hiyo si ya kupuuzwa.

Uskoti ilifuata tarehe 30 Novemba 2018. Katika wiki ya kwanza, chembechembe za moshi zilizomo hewani magerezani zilipungua kwa takriban asilimia 80, nao askari magereza wakapata nafuu ya hewa safi pamoja na wafungwa. Lakini huko watu walitayarishwa kwa zaidi ya mwaka mzima, wakapewa msaada wa kuacha. Kwingine mambo yalikwenda vibaya: mjini Melbourne, Australia, mahabusu walifanya ghasia kubwa tarehe 30 Juni 2015, siku moja tu kabla ya marufuku kuanza. Mwenye uraibu ni mgonjwa. Kumpokonya sigara bila kumpa tiba ni kuikamilisha nusu ya kazi.

Na nusu iliyobaki ndiyo inayotuhusu sisi wenye familia. Katika gereza moja la jimbo la Rhode Island, Marekani, ambako uvutaji umekatazwa, baadhi ya wafungwa walipewa nasaha za kuacha sigara kabla ya kutoka, na wengine hawakupewa. Wiki 3 baada ya kuachiwa, asilimia 25 ya waliopata nasaha walikuwa bado hawajavuta. Kwa wasiopata, waliobaki bila kuvuta walikuwa asilimia 7 tu. Moyo uliopumzishwa kwa miaka hurudishwa motoni kwa siku chache.

Tunapokwenda kumpokea ndugu yetu aliyemaliza kifungo, mara nyingi hutangulia rafiki wa zamani aliyeshika pakiti mkononi, akidhani anamkirimu. Baraza ya nyumbani nayo imejaa moshi wa ami na binamu. Tunamkaribisha kwa kile ambacho mwili wake umekwisha kukizoea kukikosa. Basi wavutaji wa nyumba hiyo na watoke nje, au waache naye kwa pamoja. Na mama, mke au dada amuulize kila siku, kwa upole, siku yake ilikwendaje. Aliyeacha kwa mwaka mmoja hatari yake ya maradhi ya mishipa ya moyo hupungua hadi kukaribia nusu ya ile ya mvutaji. Mwaka huo, ikiwa aliuanzia gerezani, tusiwe sisi wa kumvunjia.

Wabillahi tawfiiq.