Sonona ni Ugonjwa: Chanzo Chake na Mahali pa Kupata Tiba

Mwenye homa husindikizwa zahanati na jirani. Mwenye sonona huambiwa amekuwa mvivu, amerogwa, au anajidekeza. Lawama hizo, ambazo bado husikika Old Moshi, humchelewesha mgonjwa kupata tiba.

Sonona si huzuni ya kawaida. Aliyefiwa hulia, kisha siku kwa siku hurejea shambani. Mwenye sonona hushikwa na majonzi, au hukosa hamu ya mambo aliyoyapenda, karibu kila siku kwa muda usiopungua wiki 2. Usingizi na chakula huvurugika, mwili huchoka bila kazi, naye hujiona hana thamani. Wengine hawataji huzuni kabisa. Hulalamikia kichwa na mgongo, wakaishia kumeza dawa za maumivu miezi na miezi.

Chanzo chake si kimoja. Mwenye mzazi au ndugu aliyeugua yumo katika hatari zaidi, ingawa si lazima augue. Kujifungua, kisukari, VVU na upungufu wa homoni za tezi ya shingo huweza kuchangia. Maisha nayo yana sehemu yake: kufiwa, kipigo nyumbani, madeni ya ada, kihamba kilichogawanywa hadi hakitoshi kulisha familia, upweke wa wazee ambao watoto wao huonekana Desemba tu. Mbege ina heshima yake harusini, lakini haijawahi kuwa dawa ya mawazo. Kilevi huvuruga usingizi na kuuzidisha ugonjwa.

Tiba ipo. Mwananchi aanzie zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, ambako anaweza kupewa rufaa kwenda Hospitali ya Mawenzi au KCMC. Hutibiwa kwa ushauri nasaha, kwa vidonge, au kwa vyote viwili. Vidonge huchukua wiki kadhaa kabla ya nafuu kuonekana, na hapo ndipo wengi hukosea: huviacha mapema wakidhani havifai. Visiachwe bila ushauri wa daktari.

Anayesema ni afadhali afe asiachwe peke yake. Viuatilifu vya kahawa vifungiwe mbali naye, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Kumwuliza waziwazi iwapo anafikiria kujiua hakumpandikizii wazo hilo. Mara nyingi humpa nafasi ya kwanza ya kulisema.