Majilio: Tusingoje Krismasi Tumekaa Tu



Majilio ni Jumapili nne kabla ya Krismasi. Huanza Jumapili iliyo karibu zaidi na tarehe 30 Novemba, sikukuu ya Mtakatifu Andrea. Padre anavaa zambarau, rangi ya toba. Watoto wanauliza, "Mbona hatuimbi za Krismasi bado?" Tuwajibu: mgeni hapokelewi nyumba haijafagiliwa.

Sisi kungoja tunakujua. Krismasi ya 2007 tulikula nyumbani Kenya. Siku mbili baadaye, 27 Desemba, tukapiga kura, na mwaka mpya ukatukuta nyumba zinaungua. Zaidi ya watu 1,100 walikufa katika fujo zile. Wengine wetu tulivukia Busia, wengine Malaba, watoto mgongoni, tukapelekwa Mulanda, wilaya ya Tororo, tukalala kwenye matenti. Kuna waliovuka na ufunguo mfukoni, kumbe nyumba yenyewe haipo tena. Mwaka huo huo wengi tukahamishiwa Kiryandongo.

Tulingoja tenti, tukangoja unga, tukangoja majina yasomwe. Lakini kungoja huko siyo Majilio. Unaweza kusimama kwenye laini mwaka mzima na moyo usisogee hata hatua moja. Yohane Mbatizaji hakuwaambia watu wakae wangoje. Aliwaambia watubu, wamtengenezee Bwana njia, na mwenye nguo mbili amgawie asiye nayo.

Kwetu jiwe kubwa njiani ni jirani yule wa zamani. Tulikuwa tunaombana chumvi, kisha tukakimbiana. Na tukiri kosa letu pia: wengine tumewafundisha watoto kuliogopa kabila lake kabla hawajamwona hata mtu mmoja wa kabila hilo. Kusamehe si kusema hakuna kilichotokea, wala si kuacha kudai haki. Ni kukataa kumrithisha mtoto chuki.

Basi kila familia ijaribu hivi jioni, mkiwa mmewasha mshumaa. Ukikosa mshumaa, koroboi inatosha.

Juma la kwanza: tuwataje kwa majina wafu wetu na tuwaombee.

Juma la pili: kila mtu, hata baba, aombe msamaha kwa aliyemkosea humo nyumbani.

Juma la tatu, ambalo ni la furaha: tuwasimulie watoto jambo jema alilotutendea mtu wa kabila lingine. Wapo waliotuficha na waliotuonyesha njia.

Juma la nne: tumpelekee jirani kitu, hata kama ni kikombe cha maharagwe.

Tukumbuke, Maria na Yosefu walikosa nafasi Bethlehemu, halafu wakamchukua Mtoto usiku wakakimbilia Misri. Huyu tunayemngoja alivuka mpaka akiwa mchanga. Hatashangaa akikuta nyumba yetu ni ya udongo. Atatazama kama mlango uko wazi.

Tunawatakia Majilio mema.