"Nina RB Yako": Polisi Anahitaji Nini Kabla ya Kukukamata

Anayedai laki tatu zake anakwenda kituoni, anaandikisha malalamiko, anatoka na kikaratasi chenye namba, kisha anampigia simu mdaiwa: "Nina RB yako." Mara nyingi tishio hilo linatosha. Mdaiwa anauza hata simu ili alipe, ilhali hofu yake haina msingi wa kisheria. RB ni namba ya taarifa iliyoandikwa kwenye kitabu cha kituo. Inathibitisha kwamba fulani amelalamika, basi. Na deni la kawaida ni kesi ya madai, ambayo huendeshwa mahakamani bila pingu.

Wapo pia wanaojidanganya kinyume chake, kwamba bila hati hawakamatiki. Wanakamatika. Tanzania Bara tunatumia Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20 (Zanzibar ina sheria yake). Inamruhusu polisi kumkamata bila hati mtu anayevunja amani mbele ya macho yake, anayemzuia kufanya kazi, aliyetoroka chini ya ulinzi halali, au aliyekutwa na mali inayodhaniwa kuwa ya wizi. Panapohitajika hati, sharti iwe na saini ya hakimu au jaji, muhuri wa mahakama, jina au maelezo ya anayetafutwa, na kosa lenyewe.

Iwe kwa hati au bila hati, ukamataji husimama juu ya sababu. Askari anayekamata kwa tuhuma awe na jambo analolijua kabla hajanyoosha mkono, jambo ambalo mtu mwingine mwenye busara akielezwa naye angeshuku. Umbea wa kijiweni haufiki hapo. Ushahidi wa kumtia mtu hatiani hautakiwi bado; huo ni wa kupimwa na mahakama. Lakini tuhuma lazima imhusu anayekamatwa. Ndiyo maana ile tabia ya kumkosa kijana na kumchukua mama yake "ili mtoto ajisalimishe" haina pa kushika: mama hashukiwi kwa lolote.

Sababu hiyo sharti itajwe. Sheria inamtaka anayekamata amwambie mtu, palepale, anakamatwa kwa kosa gani. Halazimiki kutumia lugha ya mawakili. "Unatuhumiwa kuiba pikipiki" yatosha. Anasamehewa tu pale ambapo kosa liko wazi kwa hali ilivyo, au mwenyewe amegoma na kupigana hata haambiliki. Jibu la "utajua kituoni", ambalo wengi wetu tumelisikia, halimo kwenye sheria hiyo.

Nguvu nazo zina kipimo. Mtu aliyesema "twendeni" amekwisha kujisalimisha, hata bila kuguswa, na haruhusiwi kubanwa zaidi ya inavyohitajika kumzuia asitoroke. Mwanamke hupekuliwa na mwanamke mwenzake.

Tangu mtu anapokamatwa, saa zinahesabiwa. Muda wa msingi wa kumhoji ni saa 4, na ukiongezwa pana utaratibu wake. Kabla ya mahojiano aelezwe haki zake, ikiwamo kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Mara kadhaa Mahakama ya Rufani imeyaondoa kwenye ushahidi maelezo ya onyo (yale anayoyatoa mtuhumiwa polisi baada ya kuonywa) yaliyochukuliwa nje ya muda, na kesi iliyokuwa imeegemea maelezo hayo ikaporomoka. Asipopewa dhamana ya polisi ndani ya saa 24, afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo. Zile saa 48 zinazosikika sana kwenye habari ni za wakuu wa mikoa na wilaya, chini ya sheria nyingine ya mwaka 1997, nazo ni za kuzuia uvunjifu wa amani usiozuilika kwa njia nyingine. Kumwadhibu mtendaji aliyechelewa kikaoni hakumo.

Mwaka 2022 Bunge liliongeza sharti ambalo kwa maoni yangu lingebadili mengi: mashtaka yasifunguliwe katika mahakama za chini kabla upelelezi haujakamilika. Kukamata kwanza na kutafuta ushahidi baadaye kukawa kugumu zaidi. Ila makosa mazito, na yale yanayosikilizwa na Mahakama Kuu, yameachwa nje ya sharti hilo, na ni katika makosa hayo mahabusu husubiri muda mrefu zaidi kusikia kwamba "upelelezi bado unaendelea".