Kusoma Picha Nyeusi na Nyeupe za Mandhari Vitabuni

Jina la "picha nyeusi na nyeupe" limekwisha kuzoewa, wala hapana haja ya kuliondoa; lakini likipimwa kwa makini huonekana kuwa pungufu. Katika picha njema ya mlima au bonde, weusi mtupu na weupe mtupu huchukua nafasi ndogo. Sehemu kubwa ni rangi za kati, ambazo jina hilo halizitaji. Basi mtu atakaye kuufahamu uzuri wa vitabu vya picha hizo hana budi kuanza na rangi hizo za kati: zapatikanaje, na zitatajwaje kwa Kiswahili.

Mfano ufaao ni kazi ya Ansel Adams (1902–1984), Mmarekani wa California, ambaye hapo kwanza alikusudia kuwa mpiga piano. Tarehe 10 Aprili, 1927, alipanda juu ya bonde la Yosemite kulipiga picha jabali la Half Dome, akabakiwa na vioo viwili tu vya kupigia. Cha kwanza alikitumia pamoja na kichujio cha manjano. Mara akatambua kwamba mbingu itatoka hafifu, isilingane na kitisho cha jabali lile. Katika kioo cha pili akaweka kichujio chekundu sana. Wekundu huo huzuia mwanga wa buluu. Kwa hiyo mbingu ikatoka karibu nyeusi, na theluji ikang'aa. Macho ya mtu aliyesimama pale hayakuiona mbingu nyeusi. Picha hiyo, basi, si nakala ya mahali, bali ni kauli juu ya mahali. Na kauli hupimwa kwa maana yake.

Karibu na mwaka wa 1940, Adams pamoja na Fred Archer walitunga utaratibu wa kugawa mwanga katika madaraja kumi na moja, tangu sufuri hadi kumi. Sufuri ni weusi usio na kitu ndani yake. Daraja la tatu ni kivuli ambacho jicho laweza bado kuona magome na mawe. La tano ni kijivu cha katikati. La kumi ni weupe wa karatasi yenyewe. Mpiga picha huamua kabla ya kufyatua kamera kila sehemu iangukie daraja gani.

Je, Kiswahili kina maneno ya madaraja hayo? Hujulikana kwamba vivumishi vya rangi vinavyochukua viambishi vya ngeli ni vitatu tu: -eusi, -eupe na -ekundu. Rangi nyingine hutajwa kwa kuazima jina la kitu, kama kijivu kilivyotokana na jivu. Mtu angeweza kudhani kwamba lugha ni maskini katika jambo hili. Lakini utajiri wake umo kwingine. Kwenye ncha mbili zimo tanakali: nyeusi ti, nyeupe pe. Kinyambuo cha kurudufu hupunguza ukali: kitu cheupecheupe si cheupe hasa. Tena kuna maneno ya mwanga wenyewe: giza totoro, kiza, utusitusi, ukungu, mapambazuko, alfajiri. Maneno haya hayataji rangi ya kitu. Hutaja kadiri ya nuru iliyokiangukia, na hiyo ndiyo mada ya picha zisizo na rangi. Asemaye kwamba bonde liko katika utusitusi na kilele chake ni cheupe pe amekwisha kuyataja madaraja mawili, wala hakuhitaji kukopa.

Kitabuni huongezeka kazi ya mpiga chapa. Kwa kawaida mashine ina wino mmoja, nao ni mweusi. Kijivu hupatikana kwa kuivunja picha iwe nukta ndogo mno: penye giza nukta huwa kubwa hata zikaungana, penye nuru huwa ndogo, na jicho huzichanganya. Kazi ikiwa duni, vivuli huziba na mawingu hupoteza umbo. Kwa hiyo wapiga chapa hodari huichapa picha moja mara mbili, kwa wino mweusi na kwa wino wa kijivu, ili vivuli vipate kina. Msomaji na atazame kwanza sehemu za giza: kama majani yaonekana ndani yake, kitabu kimechapwa vizuri.

Zaidi ya hayo, mkusanyo una mpangilio, na picha huathiriwa na jirani yake kama ubeti uathiriwavyo na ule uliotangulia. Nguvu ya mpangilio ilidhihirika mwaka wa 1938, Adams alipotoa kitabu cha milima ya Sierra Nevada, nakala 500 tu, kwa ukumbusho wa kijana aliyefariki akipanda milima hiyo. Nakala moja ilifika kwa waziri Harold Ickes, kisha kwa Rais Roosevelt. Wakati huo palikuwa na mabishano juu ya kuihifadhi nchi ya Kings Canyon. Kitabu kikawasaidia waliotaka ihifadhiwe, na mwaka wa 1940 ikafanywa hifadhi ya taifa.

Mwisho, yafaa kulinganisha chapa. Picha ya mwezi juu ya kijiji cha Hernandez, iliyopigwa mwaka wa 1941, Adams aliisafisha mara nyingi, na kadiri miaka ilivyopita mbingu yake ilizidi kuwa nyeusi. Filamu ni ile ile, kama hati ya utenzi ilivyo moja. Anayebadilika ni mghani. Kwa hiyo anayeandika juu ya picha ya namna hii na ataje ameiona katika chapa ipi. Asipofanya hivyo, wasomaji wawili watabishana juu ya mbingu mbili wakidhani ni moja.