Maji ya Betri na Nuru ya Nyumba



Hivi karibuni tulikuwa wageni wa familia moja nje kidogo ya mji wa Machakos. Nyumba yao huangazwa kwa sola, na umeme wa mchana huhifadhiwa katika betri ya volti 12. Baada ya Isha, watoto wamekwisha kufungua misahafu, taa zikafifia, kisha zikazimika. Ikawashwa koroboi, tukasoma katika moshi.

Asubuhi tulifungua vifuniko sita vya betri ile. Sahani za risasi zilikuwa wazi, kingo zake zimeingia weupe. Mama mwenye nyumba alitueleza kwamba kila maji yalipopungua aliongeza ya kisima. Hatukumlaumu, kwani hakuna aliyemfundisha. Lakini maji ya visima vingi vya Ukambani yana chumvi, na chumvi huharibu sahani hizo.

Mama zetu na dada zetu, betri inapochajiwa, sehemu ya maji hugeuka gesi ikapotea, na asidi hubaki. Basi kinachorudishwa ni maji, wala si asidi; nayo ni maji yaliyokenekwa, yauzwayo madukani mwa vipuri vya magari. Someni kibandiko vizuri, kwa kuwa wapo waitao asidi nayo “maji ya betri”.

Tazameni kila mwezi. Betri ichajiwe ijae kwanza, ndipo maji yaongezwe hadi yapite sahani kwa sentimita moja hivi. Yasifike mdomoni, maana betri ikichajiwa hupanda na kumwaga asidi. Sahani zikikutwa wazi, zifunikwe tu, betri ichajiwe, kisha maji yakamilishwe. Betri isiyo na vifuniko vya kufunguliwa iachwe kama ilivyo.

Kazi hii ifanywe penye hewa, mbali na watoto, pasiwe na koroboi wala kiberiti, kwa kuwa gesi ile hulipuka. Vaeni glavu na miwani. Tone moja la asidi hutoboa buibui. Likiingia jichoni, lioshwe kwa maji mengi safi dakika 20, kisha mtu apelekwe hospitali upesi.

Betri ya wenyeji wetu haikufufuka. Walilazimika kununua nyingine. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Chupa moja ya maji ingaliwatosha.

Wabillahi tawfiq.